Mwenye Magogo ya Mninga

Rebeka alimnyang'anya mpimaji ncha ya futi, akaibandika mwenyewe kwenye kitako cha gogo.

"Pima hapa kwenye unene," alisema. "Huko ulikoshika ni kichwani. Unataka kuniibia?"

Kijana huyo, aliyeamkia shikamoo na kujitambulisha kama Donatus, alipima palepale alipoonyeshwa. Akaandika, akapaka gogo rangi nyekundu, akahamia lingine.

Upande wa pili wa uzio wa minyaa alisimama jirani yake, Limi, akitazama. Rebeka hakutaka hata kumwangalia. Habari za mtu mwenye futi na rangi nyekundu zilipovuma asubuhi, kila mtu kitongojini alijua: mgodi unapanua eneo, fidia imefika Segese. Limi peke yake, alipoulizwa kama magogo kumi na saba ya mpakani ni yake, alijibu kwamba hayajui. Nusu yalikuwa yamelala kwake! Mwanamke mzima, kichwa kama cha kondoo.

Kusema kweli, hata ya Rebeka hayakuwa. Wiki iliyopita walikuja wageni na lori, wakakata mininga, lori likazama kwenye tope, wakaenda kutafuta trekta. Walipata kulitoa lori tu, magogo hawakuyarudia. Shauri yao.

Rebeka alishawahi kuwa mkweli. Fidia ya kwanza alitaja miembe yake mitatu, akaambulia hela ya mabati sita. Waliochomeka miche ya mipapai siku mbili kabla wakajenga Kahama. Safari hii angejenga yeye, Limi abaki hapa na mbuzi wake.

"Mama, hili naona si mninga, ni mti wa mtundu," Donatus alisema alipofika gogo la mwisho.

"Mtundu? Umesomea wapi wewe? Huo ni mkurungu. Andika mkurungu, ndio wenye bei."

Akaandika mkurungu. Akapiga hesabu ya mita za ujazo kwenye simu, akataja milioni kumi na nne na ushee. Moyo ulimruka Rebeka, lakini uso akaukunja, akamwambia hizo ni chache.

Kilichomchekesha ni kwamba miti iliyosimama kijana hakuigusa, wala nyumba hakuitupia jicho. Hata kazi yake haijui. Ikabidi amfundishe: aiandike na ile minne ya mninga kule bondeni, maana alikuwa aikate wiki ijayo.

Donatus akauliza nani aliyakata haya. Rebeka akajibu kwamba ni vijana wake, kwa msumeno wake, kwa amri yake.

"Na kibali, mama?"

"Kibali? Mti uko shambani kwangu, niombe ruhusa kwa nani? Kwa Limi?"

"Mama Magesa," Limi alimwita Rebeka kutoka kwenye minyaa, "ngoja kwanza umuulize katoka wapi."

"Wivu huo," Rebeka alisema, bila kugeuka.

Akatia sahihi karatasi zote tatu kwa herufi kubwa, na dole gumba akaongeza bila kuombwa. Donatus alizikunja, akamshukuru kwa adabu, akasogea hatua mbili na kupiga simu.

"Afande, leteni gari Segese," alisema. "Yule mvunaji haramu tumempata, na amekiri kwa maandishi."