Vipande Viwili vya Mkaa

Ufunguo wa gari jipya ulitua mezani, kando ya kipande cha mkaa kilichozimika miaka elfu kumi na mbili iliyopita.

Mpimaji wa umri wa mabaki ya kale aliutazama kama mtu aonaye kinyesi cha panya sahanini. Aliyeutupa alikuwa mdogo wa mkewe, afisa wa kampuni ya ujenzi. Alikuwa ameketi bila kukaribishwa, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti na kuipangusa kwenye pazia la maabara.

Mezani kulikuwa na vipande viwili, vyote vya tabaka la juu kabisa la udongo lililopasuliwa na ufa wa mlimani. Kwa kipande hicho cha kale, ufa ungehesabiwa umelala, hauleti tena tetemeko. Cha pili kilikuwa na umri wa miaka mia mbili tu: kwa hicho, ufa ungali hai, na bonde lililo chini yake halifai kukaliwa na mtu. Lakini cha pili kiliokotwa karibu na mzizi, na mzizi ukiungua huteremsha mkaa wa umri mdogo hadi tabaka la chini. Kanuni ya kazi ilikuwa moja: vipande vikipingana, mtaro wa kuchukulia sampuli huchimbwa upya.

Kampuni, alieleza afisa, ilitaka kujenga nyumba za kupangisha huko bondeni, jirani na kaya mia nne zilizokuwa zikilima tangu zamani.

"Andika ule umri mkubwa, shemeji. Mkono mtupu haulambwi. Na dada naye amechoka kugombania basi."

Mpimaji aliuinua ufunguo kwa koleo ya sampuli, akauangusha katika mfuko wa shati la shemejiye, akamwonyesha mlango.

Mtaro wa pili hakuuchimba. Kuchelewa kungewapa mafisi hao muda wa kumtafuta mpimaji mwenye bei. Aliandika miaka mia mbili, akatia saini, akaipeleka ripoti serikalini kwa mkono wake mwenyewe, shingo imesimama.

Wiki iliyofuata shemeji alirudi, akanyoosha mkono. Mpimaji aliuacha ukining'inia.

"Nimekuja kushukuru," alisema shemeji. "Kwa ripoti yako, kaya zote mia nne zinaondolewa Jumatatu, bonde zima linakuwa machimbo yetu ya mawe. Bosi alitaka nikuombe uandike ule umri mdogo. Nikamwambia, huyo namjua tangu amuoe dada: ukimwomba kitu, atafanya kinyume."