Mashine Mlangoni

"Dada Verlene, mwanao anachezea timu ya chuo na kujaza uwanja kila Jumamosi, nawe bado unaburuta nguo chafu kwenye kigari changu hadi kwenye mashine za kulipia?" Jirani alimuuliza hivyo siku moja walipotoka kanisani.

Leo mashine mpya ya kufulia ilikuwa mlangoni, mwanawe kando yake, na Verlene alikuwa ameuziba mlango kwa mwili wake.

"Irudishe! Mwaka juzi tajiri mmoja anayeifadhili timu yenu alileta kama hii, nikaikataa. Chuo kikisikia umepokea hata soksi, umefukuzwa."

"Hayo yamepitwa na wakati, Mama. Siku hizi wachezaji wa vyuo tunaruhusiwa kulipwa kwa matangazo. Duka la matairi limebandika sura yangu barabarani."

"Sura hiyo? Usimdanganye mjane."

Kijana akacheka, akampa risiti pamoja na barua ya chuo ya kumruhusu kulipwa na duka hilo. Verlene akavaa miwani. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, akilitafuta jina la yule tajiri. Penye jina la mnunuzi kidole kikasimama. Lilikuwa la mwanawe.

"Bwana asifiwe," akanong'ona, mabega yakashuka.

Akakipangusa kigari cha jirani kwa aproni, hadi magurudumu. Kisha akakikokota nje kumrudishia mwenyewe.