Homa ya Mama Mkwe

Siku hizi kila nyumba hutumia umeme wa miili ya wanaoishi humo, kupitia mikanda tunayovaa kifuani. Mwili ukichemka, umeme huongezeka.

Jumamosi mama mkwe wangu, Bi Zamda, aliamka na homa kali. Nilikuwa na keki ya harusi ya wifi yangu, na oveni ikawaka kuliko siku zote. Nikavifunga vidonge vya homa kwenye pindo la kanga yangu mpaka keki ikaiva.

“Samahani, Mama, nilikuwa naitafuta dawa,” nilimwambia.

Alivipokea huku akitetemeka, akavisukuma chini ya mto.

“Nitameza baadaye, mwanangu. Nguo za harusi bado hujazipiga pasi.”