Mkojo wa Saa Ishirini na Nne

Arbia alilishika kopo kwa ncha za vidole, mkono ameunyoosha mbali na mwili kama aliyebeba nge. Ndani yake mkojo wa Saado, mama mkwe wake, ulicheza, bado una joto, povu limeganda pembeni.

"Usiumwage," Saado alisema kutoka mkekani. "Hiyo ni dhahabu ya daktari."

Arbia alibana pumzi, akaingia chooni, akainama na kuumimina kwenye mtungi wa plastiki uliozungukwa na barafu. Harufu ilimpanda mpaka kwenye meno. Alipoinuka, moyo ulimgonga kifuani, jasho lilimlowesha dera, na ukuta ukazunguka.

"Mtazameni!" Saado alicheka alipomwona anatoka. "Umepauka kama majivu. Ni mimba, au ni mimi?"

"Ni wewe, hooyo," Arbia alijibu, akimwita mama kwa Kisomali.

Ilikuwa mara ya tano tangu alfajiri.

Si kwamba hakumpenda. Saado ndiye aliyempokea pale mtaani Galbet kama binti yake, alipoolewa hajui hata kuchemsha chai. Lakini mapenzi hayazibi pua.

Daktari Mureithi ndiye aliyewaletea balaa hili. Presha ya Saado ilikuwa ikipanda ghafla na kushuka ghafla, na dawa za aina tatu zilikuwa zimeshindwa.

"Juu ya figo kuna tezi ndogo," aliwaeleza. "Mara chache sana uvimbe huota hapo, ukawa unamwaga homoni za hofu. Mwili unadhani unakimbizwa na simba, kumbe mtu ameketi anakunywa chai. Homoni hizo hutoka na mkojo. Nileteeni mkojo wote wa saa ishirini na nne. Tukiupata uvimbe, tunautoa. Tukiukosa, siku moja mshipa wa kichwa utapasuka."

Asubuhi ya kuupeleka, Arbia aliingia chooni na kopo la mwisho. Kilisikika kishindo. Kisha sauti ya mtu anayetapika. Kisha maji, ndoo baada ya ndoo.

"Maji yote hayo unaosha nini?" Saado aliuliza kwa sauti.

"Mikono, hooyo."

Alitoka dera limelowa hadi magotini, macho mekundu.

"Hospitali wamepiga simu," alisema bila kumtazama. "Tupeleke kesho."

"Basi nipe tena hilo kopo."

"Pumzika. Wako umetosha."

Siku nzima Arbia alikuwa akiingia chooni na kutoka, amenuna, upande wa mtandio umeziba pua.

"Choo umekihamia leo!" Saado alimtania. "Mkojo wangu umekuharisha?"

Kesho yake mtungi ulifika maabara umejaa hadi kwenye mstari.

Baada ya wiki mbili waliitwa. Arbia hakuwa amelala vizuri hata siku moja. Aliketi ameegemea ukuta, akaomba kimyakimya daktari aseme kipimo kimeharibika, kirudiwe.

Daktari Mureithi alifungua karatasi, akatabasamu.

"Homoni ni mara sita ya kiwango cha kawaida. Mama, tumeupata. Utapigwa picha ya tumbo, halafu upasuaji Nairobi."

Saado aliinua mikono yote miwili. "Alhamdulillahi! Miaka minne wananiambia nina jini! Arbia, umesikia? Kinyaa chako kimeniokoa."

Arbia alishika ukingo wa kiti. Kichefuchefu kilimpanda. Moyo ukaanza kugonga, jasho likamtiririka mgongoni, kichwa kikataka kupasuka. Na mle ofisini hamkuwa na harufu yoyote.

"Nipe mkono, mama, nikupime presha," daktari alisema, akifungua kile kitambaa cha kipimo.

Arbia alisogea mbele ya Saado, akapandisha mkono wa dera lake, akaulaza mkono wake mezani.

"Nipime mimi, daktari," alisema. "Ule wa hooyo niliumwaga."