Muuaji wa Dionizi

"Safari hii siji, Mama Esther. Tafuta mwingine."

Hamidi hakuinua macho. Alikuwa anakata nyama buchani kwake, Kahororo, na kila neno alilisindikiza kwa pigo la panga.

Judica alizunguka meza akasimama ubavuni mwake. "Ukae tu kidogo. Mume wangu akikuuliza, hujui nani alimuua Dionizi. Basi."

"Kila Jumamosi ni kidogo tu! Bukoba nzima inajua muuaji ni daktari. Tamthilia imeisha tangu mwaka jana. Mimi mtu mzima nakaa pale nakodoa macho, nabishana eti ni dereva. Mpeleke mzee hospitali."

"Hataki. Nimemsihi mpaka sauti imenikauka."

"Basi mwambie ukweli."

Ukweli Judica alishawahi kuusema, mara moja tu. Ilikuwa baada ya kumzika binti yao, Esther. Siku hizo alikuwa halijui jua, analala amejifunika shuka, akisikia kwa mbali televisheni ya mumewe sebuleni. Hata tamthilia ile ya polisi ilipofika mwisho, aliisikia kupitia ukutani. Kisha, Jumamosi moja, Kaijage alisimama mlangoni pa chumba akauliza, "Mama Esther, leo watamkamata muuaji wa Dionizi?"

Alidhani mumewe anatania. Akamjibu kwamba ilishaisha, na kwamba Kaijage mwenyewe aliitazama mpaka mwisho. Kaijage alimwangalia kama mtu aliyepotea njia, halafu akaketi ukingoni mwa kitanda na kulia. Fundi seremala yule, aliyelitengeneza jeneza la mwanawe kwa mikono yake bila kudondosha chozi, alilia kama mtoto.

Jioni ile Judica alioga, akavaa, akatoka nje. Alimtafuta kijana wa kumwekea tamthilia kwenye fleshi, akabisha hodi kwa majirani mmoja mmoja kuwaomba waje kujifanya hawajui. Tangu hapo hakupumzika. Kila Jumamosi waliitazama sehemu ile ile, ya kabla ya mwisho, na kila Jumamosi Kaijage aliipokea kama mpya. Majirani walianza kuchoka. Mmoja alikuwa na harusi, mwingine na wageni kutoka Muleba, na sasa Hamidi.

"Waitu, ndugu yetu Hamidi," alisema, akashika meza yenye damu. "Nimebaki na huyu tu. Huyu naye akipotea kichwani, nitaishi na nani?"

Hamidi aliliweka panga chini.

Alikuja na mkewe, Sada. Kagaruki wa nyumba ya pili naye akaja. Judica aliwawekea senene wa kukaanga na kahawa, akabonyeza rimoti.

"Ni dereva," Sada alianza, mara sehemu ile ilipoisha. "Kama hana neno, viatu alivificha vya nini?"

"Dereva yupi!" Kaijage alipiga goti lake. "Yule hata kuku hawezi kumchinja. Ni mke mdogo. Mtazameni alivyolia msibani. Kilio cha kujilazimisha!"

"Mke mdogo alikuwa Mwanza siku hiyo," Kagaruki alisema.

"Umeiona tiketi yake?"

"Jamani, mbona daktari mwenyewe alipokama..." Hamidi alianza, na Judica akamkanyaga mguu. "Alipokamata kile kikombe," Hamidi aliendelea huku akikunja uso, "hamkuona alivyotetemeka?"

Kaijage aligeuka taratibu. "Daktari?" aliuliza. "Kwa nini daktari?"

Judica aliona kila kitu kikimomonyoka: mumewe atauliza tena, Hamidi atachoka kudanganya, na yale machozi yatarudi. Akaropoka la kwanza lililomjia mdomoni.

"Nyote vipofu! Ni mama mkwe!"

"Mama mkwe?" Sada alishangaa. "Si alikufa kabla ya Dionizi?"

"Ndiyo maana hakuna anayemshuku!"

Kagaruki alipaliwa na kahawa. Hamidi alicheka mpaka akajishika mbavu, Sada akamwangukia begani, na Judica, bila kujua kilivyoanza, alijisikia kicheko kikimpanda kutoka tumboni, kikamtoka kwa nguvu, na machozi juu yake.

"Haya," Kaijage alisema, akijifuta macho. "Wiki ijayo tutajua."

Wiki ijayo. Judica aliacha kucheka. Alikusanya vikombe akaenda jikoni, akasimama gizani mwa chumba kile kidogo huku anawaza atawaomba kwa maneno gani mapya.

Nje ya dirisha Kaijage alikuwa anamsindikiza Hamidi kwenda getini.

"Mzee, nakuomba ukapime," Hamidi alisema kwa sauti ya chini. "Mkeo anakwisha kwa hofu."

Kaijage alisimama. Aliangalia nyuma, kuelekea mlango wa sebuleni.

"Ni daktari, Hamidi. Nilimjua hata kabla yako," alisema. "Lakini umemsikia mke wangu? Tangu tumzike Esther hajacheka. Leo amecheka."