Mstari Uliochechemea

Mama alikosea tena, palepale alipokosea mara zote.

Alikuwa ameketi kando ya kitanda namba tisa, miwani puani, karatasi mkononi, akisoma dua yake kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Mistari mitatu ya mwanzo ilikwenda sawasawa kama mshono wa cherehani:

"Ewe Mola wa huruma,
Umrudishe mzima,
Aketi tena kusoma,
Kitini mwake ndani."

Binti yake, aliyesimama dirishani, akafumba macho. Mstari wa nne ulichechemea. Ile mitatu ilikuwa na mizani nane nane; huu ulikuwa na saba. Hata mtoto wa darasa la tatu angehesabu kwa vidole akaliona kosa.

Baba alikuwa amelala chali, kimya, siku ya sita sasa tangu apasuliwe kichwa. Asubuhi daktari alimvuta binti pembeni. "Tulitarajia awe ameshaamka. Msemesheni, lakini mjiandae."

Na si baba peke yake aliyemnyima binti raha. Mama alikuwa mtunzi. Watu walimfuata kwa mashairi ya harusi na ya misiba, na hakuwahi kutoa mstari wenye kilema. Leo anakosea dua ya mumewe mwenyewe, na anakosea vilevile kila mara. Binti akazunguka chumba, akanyoosha pazia lililokuwa limenyooka, akarudi dirishani. Yaani atawapoteza wote wawili kwa juma moja?

"Mama, mstari wa mwisho umepungua."

"Najua kuhesabu."

"Basi urekebishe. Mungu ndiye wa kupelekewa kitu kibovu?"

"Mungu hana ugomvi na mizani yangu, mwanangu. Hebu keti, unanitia kizunguzungu."

"Na hata amina husemi. Siku sita, hujasema hata moja."

"Dua haijaisha, amina ya nini?" Mama akaipandisha miwani. "Nikutegee kitendawili?"

"Mama, si leo."

"Haya, nitakaa nacho."

Muuguzi aliyekuja kubadilisha dripu akatabasamu. "Mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

"Msahihishaji, kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu," mama akasema. "Mtu wa balaa huyu. Kadi ya harusi yetu aliirudisha mara tatu kwa ajili ya nukta. Na mimi nikitunga jikoni, yeye anagonga meza kwa kidole, mizani moja baada ya nyingine, kama karani wa forodha. Kidole hicho kimeninyima raha miaka arobaini."

Muuguzi akaenda zake akicheka. Mama akakohoa, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaanza upya. Mola wa huruma. Umrudishe mzima. Aketi tena kusoma.

"Kitini mwake ndani."

Binti akashindwa kuvumilia. Akavuka chumba ainyakue ile karatasi, aisahihishe mwenyewe. Mkono wake ukaishia hewani.

Juu ya shuka, kidole cha baba kilikuwa kinagonga. Kiligonga mara saba, kikabaki kimeinuka, kikingoja. Paji la uso likakunjamana.

"Si 'ndani'," ikatoka sauti kavu, ya mtu aliyeudhiwa tangu juzi. "'Nyumbani'."

Karatasi ikamponyoka mama, ikaangukia miguuni pa binti. Mstari wa nne ulikuwapo wote, kwa mwandiko safi wa mama. Neno la mwisho, "nyumbani", lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na juu yake mkono uleule ulikuwa umeandika "ndani".

"Amina," mama akasema.