Maneno ya Chumbani

Sheria ilitaka kila sera ijaribiwe miaka kumi kabla ya kuenea nchini: nusu ya masoko yapewe huduma mpya, nusu yanyimwe, kisha watafiti wa siri, waishio miongoni mwa wachuuzi, walinganishe. Soko la Kisongwa, alikouza nyanya Tusekile, liliangukia upande wa kunyimwa chumba cha baridi cha kuhifadhia mazao. Kila wiki alitupa matenga ya nyanya zilizooza.

Siku matokeo yaliposomwa pale sokoni, ofisa alinukuu maneno ya mchuuzi asiyetajwa jina: "Nikizitupa nyanya, najiona kama mama anayezika."

Tusekile aliganda. Maneno hayo aliwahi kumwambia mtu mmoja tu, kitandani, mwaka ule mimba yake ilipoharibika.

Nyumbani alimkuta mumewe, Ambakisye, akimenya ndizi.

"Baba Lusajo, ni wewe mmoja wa watafiti wa soko letu?"

Kisu kilisimama. "Sheria hairuhusu kusema, Mama Lusajo."

"Ndiyo maana ulinioa?"

"Soko nilipangiwa. Wewe nilikupenda mwenyewe."

"Na miaka yote hii, nikilia ukinibembeleza, ulikuwa unaandika?"

"Niliandika ili wengine wapate vyumba vya baridi. Na watapata, mikoa yote."

Tusekile alihamia chumba cha mtoto.

Kesho yake aliwasimulia wanawake wenzake sokoni. Alitarajia wamwonee huruma, au angalau wamtukane Ambakisye. Badala yake kila mmoja aliinamia meza yake, akimfikiria yule wa nyumbani kwake anayependa kumuuliza siku imekwendaje.